Mzigo wa Mteja wa Nje Umechelewa: Ufanye Nini, Hatua kwa Hatua

Mzigo unaokwenda nje ya nchi, saa yoyote ile, uko mikononi mwa mtu fulani. Yuko karani wa posta aliyeupokea, wako wapakiaji wa uwanja wa ndege, liko shirika la ndege, yuko ofisa wa forodha, na mwishoni yuko mtu wa posta wa mtaa anaoishi mteja. Ukichelewa, jambo la kwanza kujua ni nani ameushika sasa hivi. Ukishajua hilo utajua pia simu ipigwe wapi, apige nani kati yako na mteja, na usubiri mpaka lini kabla ya kurudisha pesa. Wauza vikapu, vinyago, kanga na picha za Tingatinga wengi hupoteza wateja wazuri kwa sababu wanakwenda kulalamika mahali ambapo mzigo ulishaondoka zamani.

Mwongozo huu ni wa anayetuma kwa posta, iwe EMS (huduma ya posta ya mwendo wa haraka), rejesta (mzigo uliosajiliwa) au kifurushi cha kawaida. Wanaotuma kwa DHL, FedEx au Aramex wana njia fupi zaidi, kwani kampuni moja hubeba mzigo kuanzia mlangoni kwako hadi kwa mteja. Hata hivyo, mambo ya forodha yaliyo hapa chini yanawahusu na wao.

Hatua ya 1: Soma namba ya mzigo

Toa risiti. Utakuta namba yenye alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, yaani TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, UG kwa Uganda. Utaratibu huu ni mmoja kwa nchi zote za Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Ndiyo maana namba iliyobandikwa Dar es Salaam husomeka pia kwenye tovuti ya posta ya Marekani au ya Ujerumani.

Angalia herufi ya kwanza. E ni EMS. R ni rejesta. C ni kifurushi. Ikiwa ni U, fahamu kwamba umelipia huduma isiyo na ufuatiliaji. Stika ile imewekwa kwa ajili ya forodha, na huenda usione taarifa yoyote baada ya mzigo kutoka kaunta. Mwenye namba ya U hana la kufuatilia mtandaoni, hivyo na aende moja kwa moja hatua ya 3.

Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea kunakili hata moja, mfumo utasema namba haipo. Kabla ya kushtuka, linganisha tena na risiti. Afadhali zaidi, piga picha ya risiti ukiwa bado dirishani na umtumie mteja picha hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Tambua nani ameushika

Fungua tovuti mbili: ya posta yako na ya posta ya nchi anakokaa mteja. Mara nyingi moja huwa imelala wakati nyingine tayari ina habari. Kisha tafuta tukio la mwisho lililoandikwa.

Kama la mwisho ni kupokelewa kaunta, mzigo bado uko nchini kwako. Pengine haujatoka hata mjini kwako, maana mzigo wa Iringa au Mwanza lazima kwanza ufike kituo cha mizigo ya kimataifa Dar es Salaam. Hapo nenda mwenyewe, na risiti mkononi. Siku tano za kazi zikipita pale pale, uliza. Mara nyingi kasoro huwa ndogo: fomu ya forodha haisomeki, au maelezo ya bidhaa hayakuingizwa kwenye kompyuta. Ni jambo la kurekebishwa siku hiyo hiyo, lakini hakuna atakayelirekebisha usipotokea.

Kama tukio la mwisho ni kuondoka nchini, mzigo uko kwa mashirika ya ndege. Hapa ndipo wauzaji na wateja huteseka zaidi, kwa kuwa ni kipande kirefu kisicho na taarifa. Mifuko ya posta husafiri tumboni mwa ndege za abiria, na safari za kutoka kwetu hupitia miji kama Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Ndege ikijaa mabegi ya abiria, mifuko ya posta husubiri inayofuata, na katika mji huo wa kati hakuna anayefungua mfuko na kusoma namba ya kikapu chako kimoja kimoja. Mwaka 2020, ndege za abiria ziliposimamishwa kwa ajili ya korona, posta za dunia nzima zilikwama kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo wiki mbili za ukimya katika kipande hiki zisikuogopeshe, na mwezi Desemba ongeza ya tatu. Zikizidi hapo, jiandae kwa hatua ya 5.

Kama umefika nchi ya mteja na uko forodha, ruka hadi hatua ya 4. Na ikiwa umeshatoka forodha, umeshikwa na posta ya huko. Anayesikilizwa hapo ni mteja: yeye ndiye mkazi, ndiye mwenye anwani, na yawezekana karatasi ya kumjulisha ilishawekwa mlangoni akiwa kazini. Mwambie aende posta ya mtaani kwake na namba, mapema, maana mzigo usiochukuliwa huwekwa kwa muda tu kisha hurudishwa.

Angalia pia kama kuna tatizo la nchi nzima. Kuanzia katikati ya Novemba 2024 wafanyakazi wa posta ya Kanada waligoma kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Muuzaji wa Nairobi mwenye wateja Toronto asingeweza kubadilisha chochote, lakini angeweza kumpa mteja sababu ya kweli siku ile ile. Posta kubwa huandika matangazo ya namna hii kwenye tovuti zao.

Hatua ya 3: Mwandikie mteja kabla hajakuandikia

Hili lifanye siku ile ile unapogundua mzigo umepitiliza. Ujumbe mzuri una mambo manne: mzigo uko wapi, tangu lini, wewe unafanya nini, na tarehe ambayo utatoa uamuzi kama haujafika. Tarehe ndiyo yenye uzito kuliko vyote. "Vumilia kidogo" ni neno lisilo na mwisho kwa mtu aliyekwisha kulipa.

Kwa mfano, kwa mteja wa kwetu aliyeko Minneapolis:

"Habari za siku, dada yangu. Vikapu vyako viliondoka Dar es Salaam tarehe 6, na namba ya mzigo ni hii hapa. Kwa sasa viko kwa shirika la ndege. Posta ya huko haijavipokea. Kipande hiki huwa hakina taarifa, kwa hiyo leo sina jipya zaidi ya hili. Jumatatu nitaangalia tena na nitakuandikia hata kama hali ni ile ile. Ikifika tarehe 30 vikapu havijaonekana, nafungua madai posta, nawe utachagua: nikutumie vingine au nikurudishie pesa yako yote."

Jumatatu ikifika, andika kweli. Mteja aliyeahidiwa Jumatatu akakuta kimya ana haki ya kuanza kukushuku.

Kwa mama mtu mzima wa Muscat mwenye asili ya Unguja, anza na shikamoo, umuulize na hali ya nyumbani, kisha ndipo uingie kwenye mzigo. Kwa Mmarekani au Mjerumani asiyekufahamu, habari ya mzigo iwe mstari wa kwanza.

Usiseme umeshatuma kama mzigo bado uko dukani kwako. Tarehe ya kupokelewa posta mteja anaiona mwenyewe kwenye tovuti.

Hatua ya 4: Mzigo uko forodha

Mzigo hushikwa forodha kwa sababu tatu kubwa: kodi haijalipwa, karatasi hazieleweki, au bidhaa yenyewe inahitaji kibali.

Kuhusu kodi, nchi za wateja wetu wakubwa zimebadili sheria ndani ya miaka michache, na muuzaji asiyezifuatilia atashangaa kwa nini mizigo iliyokuwa ikipita sasa inakwama. Uingereza, tangu 1 Januari 2021, bidhaa zenye thamani isiyozidi pauni 135 hutozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, pale zinapouzwa. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa mizigo midogo ya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021, ukaweka mfumo uitwao IOSS, ambao kodi hulipwa wakati wa kununua, kwa mizigo isiyozidi euro 150. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko hilo ndilo hukata kodi na kukupa namba ya IOSS. Namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta ya posta unapotuma. Isipoingizwa, forodha ya Ulaya haijui kwamba kodi ilikwisha lipwa. Itamdai mteja mara ya pili, naye atakataa kuchukua mzigo. Ikikutokea, mpe mteja risiti ya soko inayoonyesha kodi aliyolipa, aipeleke kwa posta yake.

Marekani ndiyo iliyotikisa zaidi. Tangu mwaka 2016 mizigo isiyozidi dola 800 ilikuwa ikiingia bila ushuru. Msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote kuanzia 29 Agosti 2025, kwa amri ya Rais Donald Trump, na ikatakiwa ushuru ulipwe kabla mzigo haujafika. Posta nyingi hazikuwa na namna ya kuukusanya. Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kwamba mashirika 88 ya posta yalisimamisha huduma za kwenda Marekani, zote au baadhi, na mizigo iliyokuwa ikienda huko ikashuka kwa asilimia 81 ndani ya wiki moja. Kwa hiyo usipokee oda ya Marekani leo kabla ya kuuliza kaunta mambo mawili: wanapokea mizigo ya huko, na ushuru unalipwa na nani, wapi. Uliza kila mara, kwa sababu taratibu hizi zimekuwa zikibadilika.

Kodi ikiwa haikulipwa mapema, anayeweza kuutoa mzigo ni mteja. Kazi yako ni kumwambia hivyo waziwazi, kumtumia ankara yenye bei halisi aliyolipa, na kumtajia kwamba posta ya huko huongeza ada yake ya kushughulikia. Royal Mail ya Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikitoza pauni 8 juu ya kodi yenyewe. Kwa kikapu cha pauni 25 hilo ni pigo, na mteja anastahili kulijua kabla ya kununua.

Kuhusu karatasi: ofisa akitaka maelezo, humwandikia mpokeaji. Mwombe mteja akutumie picha ya barua hiyo, ujibu siku hiyo hiyo kwa ankara, picha ya bidhaa, na maelezo ya imetengenezwa kwa nini.

Kuhusu vibali, vinyago vya mpingo ndivyo vinavyoleta maswali mengi. Mpingo, kwa jina la kisayansi Dalbergia melanoxylon, uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Wengi wakisikia hivyo hudhani kila kinyago kinahitaji kibali. Tangu mwaka 2019, bidhaa zilizokwisha kuchongwa zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeachwa nje ya masharti hayo. Kwa hiyo kwenye ankara andika jina hilo la kisayansi, uzito wa mbao, na kwamba ni kazi ya mikono iliyokamilika. Ofisa anayesoma "kinyago cha mti mweusi" peke yake ana kila sababu ya kukiweka kando. Gogo au ubao mbichi ni habari nyingine kabisa, huo unahitaji kibali. Pembe za ndovu na magamba ya kasa usiguse.

Vyakula navyo vina yake. Viungo vya Zanzibar, kahawa na chai vinavyouzwa Marekani vinatakiwa kutangulizwa na taarifa kwa mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, kabla ya kuingia. Nyama na maziwa usimtumie mteja wa Ulaya kabisa.

Hatua ya 5: Fungua madai posta

Wiki tatu za kimya baada ya mzigo kuondoka nchini, au ukishafika huko bila kusogea kwa muda kama huo bila maelezo, nenda posta ulikotumia ukajaze fomu ya madai, CN08. Kanuni za kimataifa zinatoa miezi sita, kuanzia siku inayofuata ile uliyotuma, kwa rejesta na vifurushi. Usingoje mwezi wa sita.

Beba risiti, nakala ya fomu ya forodha, ankara ya mauzo, na anwani kamili ya mteja. Eleza mzigo unavyoonekana kwa nje: boksi la rangi gani, kipimo chake, limefungwa kwa gundi ya aina gani, ndani mna nini. Stika ikibanduka, mzigo huo huo huwa umekaa ghalani bila jina, na maelezo yako ndiyo yatakayoutambulisha. Ndiyo sababu nasisitiza kila muuzaji apige picha ya boksi likiwa limefungwa, pande zote, na apige nyingine ya vitu kabla ya kufunga. Ni kazi ya dakika moja.

Omba namba ya madai na jina la ofisi inayoshughulikia, na mwambie mteja afungue ulizo upande wake pia, akitumia namba ile ile. Posta ya huko ikipata maswali kutoka pande mbili, jibu huja haraka zaidi.

Jambo la kujua mapema: posta hulipa fidia ya mzigo uliopotea, kuibwa au kuharibika. Kuchelewa peke yake hakulipwi kwenye rejesta. Na fidia ya rejesta iliyopotea, kwa kanuni za kimataifa, ni SDR 30, kipimo cha fedha cha IMF, kiasi kinachokaribia dola 40. Picha ya Tingatinga ya dola 200 isitumwe rejesta bila bima.

Hatua ya 6: Amua kuhusu pesa

Tarehe uliyoahidi ikifika na mzigo haujaonekana, timiza. Kama bidhaa ni ya kushonwa au kusukwa upya na mteja bado anaitaka, tuma nyingine kwa EMS. Kama ilikuwa zawadi ya harusi iliyokwisha pita, rudisha pesa na usibishane. Kwa bidhaa ya bei kubwa unaweza kuomba kusubiri jibu la madai, lakini omba kwa maandishi na upate ruhusa ya maandishi.

Fahamu na upande wa malipo. Kwa PayPal, ambayo Wakenya wengi huiunganisha na M-Pesa, mteja anaweza kufungua malalamiko hadi siku 180 baada ya kulipa. Akifungua, jibu ndani ya muda uliopewa na uweke namba ya mzigo pamoja na taarifa za ufuatiliaji. Muuzaji asiye na namba inayoonyesha mzigo umefika kwenye anwani ya mteja kwa kawaida hushindwa, hata kama mzigo ulifika kweli. Usimwombe mteja afunge malalamiko kwa ahadi ya kumlipa baadaye kwa njia nyingine. Mlipe pale pale alipolalamikia.

Ukishatuma mzigo wa pili na wa kwanza ukaibuka, hutokea, mwachie mteja achague: alipie ule uliozidi kwa bei ya punguzo, au aukatae ule wa kwanza urudi.

Kabla ya mzigo unaofuata

Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huanzia mezani kwako. Tangu 2021 posta inatakiwa kutuma taarifa za bidhaa kwa njia ya kielektroniki kabla ya mzigo, na Ulaya inaweza kuzuia mzigo usipakiwe ndegeni kama taarifa hizo zina kasoro. Maneno "zawadi", "bidhaa" na "sampuli" hayatoshi. Andika: "kikapu kimoja cha milulu, kimesukwa kwa mkono, gramu 900, dola 35". Weka na namba ya forodha ya bidhaa: 4602 ni vikapu na vitu vya kusukwa, 4420 ni vinyago na mapambo ya mbao, 9701 ni picha zilizochorwa kwa mkono, 7117 ni mapambo ya shanga yasiyo ya madini ya thamani. Bei iwe ile aliyolipa mteja. Kuandika "zawadi" kwenye kitu kilichouzwa ni uongo ambao ankara iliyomo ndani ya boksi huufichua, na mzigo hukaa.

Anwani iandike kwa herufi kubwa za chapa, pamoja na simu na barua pepe ya mteja. Mjerumani akupe jina lililoandikwa kwenye kengele ya mlango wake. Postamani wa huko hutafuta jina hilo, na asipoliona hurudisha mzigo. Kwa Ghuba, uliza sanduku la posta na namba ya simu, maana mizigo mingi ya posta ya huko haifiki mlangoni.

Kwenye ukurasa wa duka lako andika muda wa kufika kwa kila nchi, ukihesabu ule mrefu. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi siku 30 kama hamkukubaliana muda mwingine, kwa hiyo kubalianeni, na kwa maandishi. Oda za Krismasi funga mwanzoni mwa Novemba kwa rejesta.

Mwisho, kwenye fomu ya kutumia kifurushi kuna sehemu ya kuchagua mzigo ufanyweje usipofikishwa: urudishwe au utupwe. Wengi huiacha tupu. Weka alama kwenye kurudishwa, na hifadhi risiti ya kutumia pamoja na nakala ya fomu yenyewe. Mzigo ukirudi baada ya miezi minne na forodha ya hapa ikataka ushuru wa bidhaa iliyoingia kutoka nje, karatasi hizo mbili ndizo zitakazothibitisha kwamba kikapu kilisukwa Iringa na kinarudi nyumbani.